Hodi Tatu za Adhuhuri

Hodi ya kwanza ilipigwa saa saba mchana, Nthiwa akila muthokoi wa mahindi na maharagwe. Mkewe, Mutindi, akafungua mlango.

"Hakuna mtu," alisema. "Lakini hii harufu ya udi inatoka wapi?"

Nthiwa alijua. Yeye ndiye karani aliyezunguka vijiji vya Ikutha akihakiki wazee wanaopewa unga na ofisi ya ustawi. Kwa Bi Istahil, mjane wa mchuuzi wa mbuzi, alipiga hodi tatu adhuhuri. Kupitia ufa wa mlango alimwona kwenye mkeka, akisali katika moshi wa udi. Anayesali haitikii hodi. Hilo hata mtoto analijua. Lakini jua lilichoma, na mvivu hakosi sababu. Akaandika: Hayupo. Bibi akakatwa kwenye orodha, akafa njaa, na ofisi iliyomnyima unga ikamnunulia sanda. Unafiki mtupu.

Kesho yake, saa ile ile, hodi ilitoka ndani ya nyumba, nyuma ya pipa la maji, kwa sauti ya kikongwe. Nthiwa akamweleza mkewe yote, naye Mutindi akakimbilia kwa Ustadh Abdulatif wa msikiti wa sokoni.

"Huyo ni jini aliyekuwa akikaa na yule bibi," ustadh alinong'ona. "Amekuja kulipiza. Hodi ya tatu, mumeo aitike, akiri mbele ya watu kwamba alimwona. Asipoitika, mimi sina dawa."

Siku ya tatu Musembi, mkubwa wa Nthiwa kazini, alikuja kula nao. Hodi ikatoka chini ya meza.

"Baba Ndinda, itika," Mutindi alinong'ona, machozi yakimtoka.

Nthiwa alimtazama Musembi, akaifikiria kazi yake, akafunga mdomo.

Musembi akainua kichwa. "Mama Ndinda, mzee ameenda wapi? Si alikuwa hapa saa hii?"

"Niko hapa," Nthiwa alisema, akamshika bega, akagonga meza, akamwita mkewe, akamwita tena, akapayuka kwamba alimwona bibi, alimwona kwa macho yake mawili, na udi ukazidi kumjaa puani huku Mutindi akikipapasa kiti chake kama kitupu.

"Hayupo," Musembi alisema, akaivuta sahani ya Nthiwa.

Nthiwa akageuka. Pembeni kikongwe alikuwa amesujudu kwenye mkeka. Akaketi, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, sala yake ikaisha. Kisha akamtazama.

"Karibu," akasema.