Risasi za Jicho Zilipotua Chini

"Umeigusa bunduki yangu?"

"Nimeigusa, mpenzi," Fundi alijibu akitabasamu. "Nilitaka ushinde."

Jicho hakutabasamu. Askari huyu wa wanyamapori alipewa jina hilo na kituo kizima kwa ulengaji wake, lakini raundi ya kwanza ya mashindano ya kulenga shabaha, risasi zake zote zilitua chini ya duara. Aliyeongoza ni askari wa kituo jirani, mpenzi wa zamani wa Fundi huyu huyu, mtunza silaha wa kituo na mchumba wa Jicho.

"Ulitaka ashinde nani?"

"Wewe. Jana niliijaribu, ikapiga juu. Nikarekebisha darubini yake ya kulengea."

"Nenda. Na harusi hakuna."

Fundi akaondoka kichwa chini. Hajafika getini, simu yake ikalia: ujumbe kutoka kwa kaka yake Jicho:

"Shemeji, rudi. Mdogo wangu ameitazama karatasi ya shabaha, ametulia. Ana swali. Ukimdanganya, mimi simo."

Alirudi mbio. Jicho alikuwa ameishika ile karatasi. Matundu yalibanana kama ndizi kwenye chane.

"Mtu wa hujuma angezitawanya risasi," alisema polepole. "Uliijaribia wapi?"

"Nyuma ya ghala."

"Umbali gani?"

"Mita mia. Mbele ya hapo kuna ukuta."

Jicho akashusha pumzi.

"Mimi niliiweka kwa mita mia mbili. Risasi haiendi kama uzi uliovutwa. Hutoka chini ya darubini, ikapanda, ikapita juu ya mstari wa jicho, kisha ikashuka. Ili itue katikati kwenye mia mbili, kwenye mia lazima ipite juu vidole vitatu. Porini sijui adui atatokea wapi. Nikiiweka hivyo, karibu au mbali nalenga kifua bila kupiga hesabu. Wewe umeona vidole vyangu vitatu, ukadhani ni kosa."

"Daktari kamtibu mzima," kaka alisema, akicheka hadi machozi.

"Nisamehe. Niirudishe?"

"Muda hakuna. Hapa shabaha iko mita mia mbili; imeshuka kiganja, nitalenga kiganja juu."

Mashindano yao huhesabu raundi iliyo bora, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Jicho akalala kifudifudi, akatoa pumzi nusu, akafyatua. Fundi, aliyeshika bunduki maisha yake yote, alimtazama kama anayeona silaha kwa mara ya kwanza. Kila risasi ilitua katikati.

Mpinzani wa Jicho, yule wa kituo jirani, alikuja kumpa mkono.

"Raundi ya kwanza ulikuwa unanionea huruma?"

"Hapana, dada. Nilikuwa nasaidiwa."

Fundi akainama kwa aibu, lakini mkono wa Jicho ulikuwa tayari begani mwake.

"Kesho nipeleke uwanja mrefu," Fundi alimwomba. "Nataka kujifunza kwako."

"Alfajiri, kabla ya upepo."

Kaka alikuwa na simu sikioni. "Mama amesikia maneno. Anauliza, gauni aendelee kulishona au aache?"

"Mwambie aendelee," Jicho alisema. "Na Fundi asilisogelee."