Jembe Lililobaki kwa Margareth

Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi, na Evodia bado alikuwa anabisha.

"Siendi," alisema. Alikuwa amesimama juu ya kitanda, mtoto wao Lydia kamfunga mgongoni kwa khanga, magunia ya mpunga yamepangwa nyuma yake hadi karibu na paa. "Nimeshasema. Wewe kama roho inakutuma huko, nenda."

Flavian, mumewe, alikuwa chini, maji yanamfika vifundoni. Sufuria ilimpita ikielea kuelekea mlango wa mbele.

"Mama Lydia, mto umeacha njia yake. Unakuja kwetu."

"Utarudi."

"Utarudi lini?"

"Ukichoka."

Haya, mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Kitongoji kizima kilikuwa kimekwishahama. Tangu mvua zile za El-Nino zianze, redio ilikuwa ikisema kila jioni kwamba watu wa mabondeni wahame, na mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba akigonga debe mpaka likabonyea. Bonde la Rukwa si mahali pa kufanyia mvua mzaha. Maji yanayoanguka huko juu Ufipa kwenye baridi hushuka kwa Lyamba lya Mfipa, ule mlima mrefu unaotenganisha watu wa juu na watu wa bonde, na yakifika chini hayaulizi shamba ni la nani. Watu walijua hivyo. Walibeba mahindi, kuku na watoto, wakapanda.

Evodia naye alijua. Tatizo lake halikuwa maji. Tatizo lake lilikuwa Margareth.

Njia ya kupanda kutoka kwao ilikuwa moja tu, na iliishia kijiji cha ukingoni juu, alikoishi Margareth, mjane mwenye duka la mitumba na ghala la mahindi. Biashara ilipoachiwa huru, marehemu mumewe Wilibrodi hakungoja ushirika. Alinunua mahindi ya watu mwenyewe, akajenga ghala la bati. Sasa Margareth alikuwa amelifungua kwa wote wanaokimbia mafuriko. Angeishia hapo pasingekuwa na maneno. Lakini alituma salamu kwa watu waliokuwa wakishuka: "Mwambieni Flavian aje na watu wake, nafasi nimemwekea."

Nimemwekea! Evodia alilitafuna neno hilo mchana na usiku, wala halikulainika.

Margareth ndiye aliyeposwa na Flavian kwanza. Kwenye ukoo wao posa iliambatana na jembe, na jembe lenyewe si la dukani. Babu yake Flavian alikuwa mhunzi. Alifua majembe mawili yanayofanana, yenye ncha iliyochongoka kama jani. Msichana akikataa, harudishi jembe yeye. Watu wa mwanaume hulifuata wenyewe, wakasema mlangoni kwa sauti, "Tumefuata jembe letu," wakapewa kinywaji, mambo yakaisha. Margareth alimkataa Flavian, akaolewa na Wilibrodi mwenye lori, jembe akaenda nalo. Kabla hilo halijafuatwa, jembe la pili likaenda kwa kina Evodia, posa ikakubaliwa, akaja nalo kwa mumewe, na sasa lilikuwa limening'inia ukutani pale juu ya kitanda. La kwanza halikufuatwa kamwe. Wazee wa ukoo husema jembe likibaki, neno limebaki. Kisha Wilibrodi akafa, na neno likawa halina wa kulizuia.

"Nikalale kwenye mkeka wake," Evodia alikuwa akisema tangu salamu zile zifike. "Nile ugali wake. Asubuhi niamke nimwamkie, 'Umeamkaje, dada?' Mimi? Afadhali mamba!"

Flavian hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo lilimponza. Kila aliponyamaza, mkewe alisikia anamkumbuka Margareth.

Ukuta wa nyuma ndio uliomaliza ubishi. Ulikuwa wa tofali mbichi, na tofali mbichi ikishalowa hurudi kuwa udongo. Ulilia kidogo, ukalala chini wote kwa pamoja. Paa liliinama upande mmoja, magunia yakaporomoka, kitanda kikapinduka. Flavian alimdaka mkewe kwa mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele wakikanyaga mpunga wao wenyewe. Walipogeuka, nyumba ilikuwa imekaa chini, na jembe la ukutani liko chini yake.

"Jembe langu!" Evodia alipiga kelele.

"Acha jembe! Mlima uko wapi?"

Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba mlima wote, ukubwa wake wote ule, ulikuwa haupo. Walienda kwa kukisia, maji yakipanda magotini, kisha kiunoni. Mashimo hayakuonekana. Flavian alitangulia akichoma chini kwa fimbo, na Evodia alifuata nyuma akimsukuma Lydia juu zaidi mgongoni. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu. Walipofika palipokuwa na kijito cha kuruka kwa hatua moja, walikuta mto wa rangi ya chai ya maziwa, unashuka na miti mizima.

Hapo wakamkuta mzee Mboje, jirani yao, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Wanawe walikuwa wamekwishapanda na kundi. Yeye alibaki kumtafuta maksai mmoja mkaidi aliyemwita Ruksa, kwa sababu aliingia shamba la yeyote bila kuuliza. Sasa alikuwa amemshika nundu, wanautazama mto pamoja.

"Shikamoo, mzee," Flavian alisema.

"Marahaba. Mbona mko huku bado?"

Hakuna aliyemjibu. Kuna mambo hayasemeki mbele ya mzee, hasa maji yakiwa kiunoni.

"Haya, sikilizeni," Mboje alisema. "Anayeogelea ni ng'ombe. Ninyi shikeni mkia, acheni miguu ielee. Msimvute. Mkimvuta atageuka kuwatazama, na akigeuka tumekwisha."

Alimchapa Ruksa mgongoni kwa kiganja, mkono mwingine ukishikilia nundu. Maksai aliguna, akaingia. Chini pakaisha ghafla. Evodia alimeza maji yenye mchanga, akakohoa, akaushika mkia kwa mikono miwili. Mikono ya Flavian ilikuwa juu ya yake. Kichwa cha ng'ombe kilienda mbele kimetulia, pua juu, pembe zikipasua takataka.

Katikati ya mto gogo liliwafikia. Lilimpiga Flavian mguuni chini ya goti, Evodia akasikia mlio wa mumewe, kisha mikono ile ikawa haipo juu ya yake. Alitoa mkono mmoja, akapapasa maji, akapata kola ya shati. Lilikuwa shati la mtumba lililonunuliwa dukani kwa Margareth, na alishataka kulichoma zaidi ya mara moja. Kola haikuchanika.

Mkono wa mkia ulianza kufa ganzi. Alijua asingeweza kushika vyote viwili kwa muda mrefu. Na wazo lililomjia pale, jamani, halikuwa sala. Aliwaza: nikimwachia akafa, nitabaki kumlilia tu. Nikiachia mkia nikafa mimi, yeye akaokoka na mtoto, kabla ya arobaini atakuwa kwa Margareth, na Lydia atamwita yule mama. Atamwita mama! Damu ilimchemka ndani ya maji yale ya baridi. Aliuma meno, vidole vikakaza. Wivu uliomkalisha kitandani ndio huohuo uliomzuia kuzama.

Kwato za Ruksa zilikwaruza mawe. Walikuwa wamevuka.

Flavian alikuwa amechanika muundi hadi mfupa mweupe ukaonekana. Mboje alichuma majani ya mgomba uliosombwa, akakunja, akayaweka juu. Evodia alirarua pindo la khanga akafunga kwa nguvu. Walikinga mvua kwa viganja wakanywa, maana ya mtoni hayakunyweka.

"Anaweza kutembea?" Evodia aliuliza.

"Ataegemea Ruksa," Mboje alisema. "Mtazame mtoto. Mbona amenyamaza?"

Evodia alimzungusha Lydia kifuani. Midomo ilikuwa ya kijivu, macho yamefunguka nusu, hatetemeki tena. Alimsugua, akampulizia, akamwita. Mtoto alimtazama tu, kama anayemsikia kutoka chumba cha mbali.

Walipanda. Njia ilikuwa imegeuka mfereji, wakashika mizizi, wakatambaa. Mara mbili Flavian alisema wamwache, na mara zote mbili mkewe alimtukana. Kisha njia ikaisha. Kipande cha mlima kilikuwa kimeporomoka, kimeacha tope tupu, laini, lenye mteremko ambao hata Ruksa aliunusa akarudi nyuma.

Evodia alipiga yowe. Alipiga tena. Kutoka juu, ndani ya ukungu, sauti ya mwanamke ikajibu.

"Nani huko?"

"Sisi!"

"Sisi kina nani?"

Hata pale, mtoto akimwishia mikononi, Evodia alivuta pumzi kwanza.

"Mke wa Flavian!"

"Subiri hapohapo, mke wa Flavian. Usisogee."

Walisikia chuma kikigonga mawe, kidogokidogo kikikaribia. Margareth alitokea amefungwa kamba kiunoni, vijana wamemshikilia kutoka juu, anachimba vidato kwenye lile tope kimoja baada ya kingine. Wana wa Mboje walikuwa wamemwambia ni nyumba ipi haijafika. Alichimba kidato cha mwisho, akajilaza tumboni, akanyoosha mpini.

"Shika!"

Evodia aliona jembe. Ncha iliyochongoka kama jani. Angelitambua hata gizani, maana la kwake lilining'inia juu ya kichwa chake miaka yote. Mkono wake ulisita.

"Majembe ya dukani yote yamepinda kwenye mawe," Margareth alisema akihema. "Hili tu ndilo linakubali. Shika, mama, mtoto anakufa!"

Akashika. Alivutwa juu kwa mpini ule, tumbo likiburuta topeni, Flavian na Mboje wakafuata kwa kamba, na walipofika ghalani alikuwa bado hajauachia.

Margareth hakuuliza ruhusa. Alimvua Lydia nguo zote, akamweka kifuani kwake ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi karibu na moto. Evodia alisimama anachuruzika maji. Alitaka kumnyang'anya. Alitaka kupiga kelele. Lakini mwili wake mwenyewe ulikuwa wa baridi, hauna cha kumpa mtoto, na alilazimika kusimama na kutazama kifua cha mwanamke yule kikifanya kazi yake. Uchungu ule ulizidi wa mto.

Kisha Lydia akapiga chafya, akalia. Alilia kwa hasira, anamtaka mama yake. Evodia akaanguka magotini naye akalia.

Mtoto alipotulia, Evodia alinyanyuka na jembe lile. Alitoka nje kwenye mvua, akafunga mlango, watu wakashangaa. Halafu wakasikia hodi.

"Hodi humu ndani! Nimefuata jembe letu!"

Margareth, Lydia angali mapajani, alitikisa kichwa taratibu.

"Umechelewa sana," alisema. "Nilichoka kulitazama. Karibu." Akamimina uji wa ulezi kwenye bakuli, akampa kwa mikono miwili. Evodia alikunywa wote, amesimama mlangoni.

Alikwenda kuketi kando ya Flavian, aliyelazwa mguu juu ya gunia.

"Kwa nini hukulifuata, Baba Lydia? Miaka yote hiyo?"

Flavian aliusogeza mguu juu ya gunia.

"Lilikuwa la kufuatwa hapa mlangoni," alisema. "Ungemruhusu nani wa nyumbani kwetu afike mlango huu?"

Evodia aliutazama mguu uliofungwa pindo la khanga yake, kisha mtoto aliyelala kwenye blanketi la watu, akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

Walilala hapo wote, jembe katikati yao. Kulipopambazuka mvua ilikuwa imepungua, na Margareth alikuwa anachochea moto. Evodia alikaa kitako kwenye mkeka wake, nywele zimejaa tope. Ilimchukua muda.

"Umeamkaje, dada?" alisema.