Ndoano ya Nywele za Msiba

Alhamisi ile ilianza vizuri tu. Wanawake wa Karungu walianika omena, dagaa wa ziwani, redio ikaimba dukani, na Japheth Monari akaketi mlangoni kwake kufunga ndoano, kama alivyofanya kila asubuhi tangu ahamie huku kutoka Nyamira, kwa Wakisii. Sisi majirani tunamfahamu. Na atakayesema hapa pametiwa chumvi, nauli ya kwenda Nyamira kumwuliza mama yake atajilipia mwenyewe.

Japheth hakuvua kwa nyavu. Aliwahi kuwa mpishi katika kambi ya wavuvi wa starehe kule Mfangano, na huko alijifunza kuvua kwa nzi wa bandia: ndoano ndogo unaivika manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu, kisha unairusha kwa ufito mrefu ili itue juu ya maji. Samaki akidanganyika, kwisha maneno. Watu walimcheka. "Monari anavua mbuta na koti ya jogoo!" walisema sokoni. Walicheka, lakini samaki wake walinunua.

Mdogo wake, Kerosi, alikuwa amemfuata miezi michache nyuma. Kijana mcheshi, ana maneno kama kinyozi. Kazi yake ilikuwa kaa. Alitumbukiza mkono kwenye mashimo ya ukingo wa Mto Kuja, akawatoa mmoja mmoja huku akiwatukana, akawauzia wavuvi wa kambare mumi wawafanye chambo. Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, ilimshinda kabisa. Hata salamu aliitamka ovyo, watu wakashika mbavu. Mama yao alipomruhusu aje, alimshika Japheth mkono. "Huyu ndiye nimebaki naye nyumbani," alisema. "Nimekupa. Utanirudishia."

Sasa, wiki iliyotangulia jirani yao Ogweno alizama, na ziwa likakataa kumrudisha. Wajaluo, mtu akipotea majini namna hiyo, hawamwachi bila kaburi. Hukata yago, lile tunda refu, zito, la mwituni, wakalivika shuka, wakalilia, wakalizika kama maiti. Ndivyo Ogweno alivyozikwa. Mkewe Sheila na watoto wakanyolewa, na nywele zao zikafungwa kwenye kitambaa zikatupwe pale alipozama. Aliyezikiwa yago hana tena pa kurudi, na chochote kinachoweza kumwita hakitakiwi kubaki nchi kavu.

Nani alijitolea kuzipeleka? Japheth. "Si mimi naenda huko huko?" alisema, na Sheila akamshukuru kwa mikono miwili.

Jamani! Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Lakini Japheth alipofungua kile kitambaa pale kwenye mwamba wake wa kuvulia, alichokiona hakikuwa msiba. Aliona nywele nyeusi, kavu, nyepesi, na manyoya yake ya jogoo yalikuwa yakilowa na kuzama siku zote. Yeye ni Msabato, mambo ya yago aliyaona ni ya wenyewe. Akajiambia nywele ni nywele. Akachomoa kishungi kimoja, akatia mfukoni, zilizobaki akazimwaga majini. Na hicho kishungi ndicho alichokuwa akikifunga kwenye ndoano asubuhi ile ya Alhamisi, akipiga mluzi.

Alasiri usubi ulipanda kutoka ziwani kama moshi wa kuni mbichi, na samaki wakaanza kuruka. Japheth alisimama mwambani, pale Kuja inapoingia ghubani. Kerosi alikuwa chini yake kwenye matete, na ndoo yake ya kaa.

Ndoano ilitua. Mbuta akaidaka kabla haijalowa.

Akamtoa, akarusha tena. Mwingine. Akarusha tena, na safari hii hakuhitaji kuvuta. Mbuta walikuja wenyewe. Walirukia mwamba, wakajipiga vichwa mpaka vikapasuka, damu ikamrukia Japheth usoni.

"Brathe!" Kerosi alipiga kelele kwa furaha. "Leo ni Krismasi!"

Japheth naye alicheka, akajifuta. Akarusha tena. Kisha akasikia ndugu yake amenyamaza, na Kerosi si mtu wa kunyamaza.

"Japheth," alisema kwa sauti ya chini. "Kaa wanatoka wenyewe."

Walitoka kwenye kila shimo. Walipanda juu ya miguu ya Kerosi bila kumbana, wakapita, wakaupanda mwamba na kuwavamia wale samaki. Waliwararua wangali hai. Walianza na macho.

Hapo ndipo Sheila alipotokea. Alikuwa amekimbia tangu nyumbani bila viatu, kichwa chake kilichonyolewa amekishika kwa mikono miwili, na damu ilikuwa ikimchuruzika katikati ya vidole. Kila Japheth alipovuta mshipi, mama wa watu alipepesuka mbele kama amevutwa nywele. Nywele ambazo hakuwa nazo.

"Monari," alinong'ona. "Nywele zangu umezifanya nini?"

Mshipi ulikuwa umekaza, ufito umepinda mpaka majini. Kitu kizito kilikuwa kimeshika kule chini, na hakikuhangaika kama samaki.

"Kata," Sheila alisema. "Woi, kata hiyo kamba. Hana pa kurudi huyu. Akikuja atataka pa kukaa."

Na Japheth hakukata! Panga liko miguuni pake, mkono uko mzima, lakini angekata vipi mbele ya mwenye msiba? Kukata ni kukiri wizi. "Imenasa kwa jiwe tu," alimwambia. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Jiwe? Wacha niitoe," Kerosi alisema, na tayari alikuwa ameingia. Maji yalimfika kiunoni. Akaushika mshipi kwa mkono, akaufuata, akainama.

Hakuinuka.

Maji yalichafuka. Mguu ulitoka, ukapiga, ukazama. Mshipi ulimkata Japheth kiganja mpaka mfupa ukaonekana. Akaachia ufito. Akashika panga. Akaruka.

Ndani kulikuwa na tope na mapovu tu. Alipapasa, akashika bega. Akavuta. Bega likavutwa upande wa pili. Kulikuwa na watu wawili mle, wakipigana, na nguvu zao zilikuwa sawa.

Kisha uso wa Kerosi ukaibuka mbele yake. Macho wazi. Mdomo wazi. Na chini ya kidevu, mkono uliotoka majini ulikuwa umeshika kola ya shati lake, unamrudisha chini.

Japheth aliukata ule mkono. Alipiga mara ya kwanza, haukuachia. Alipiga tena, akilia, akimtaja Mungu. Vidole viwili vikaruka. Mkono ukafunguka, ukabaki umeinuliwa juu ya maji, umetanda, kama mtu anayemwambia mwenzake ngoja. Kisha ukazama. Mapovu yalipanda kwa muda mrefu, na ndani yake mlikuwa na sauti.

Alimburura ndugu yake mpaka mchangani, akamgeuza, akampiga mgongoni. Kerosi alitapika maji meusi. Japheth alimshika mikono akaitazama: vidole vilikuwepo vyote. Hapo alicheka, akalia, akambusu kichwani.

"Mdogo wangu. Sema kitu. Nitukane basi."

Kerosi hakumtazama. Alimtazama Sheila.

"Chiemo ere?" alimwuliza. Chakula kiko wapi? Alikisema Kijaluo safi, kwa sauti nzito ya mwanamume aliyetoka ziwani akiwa amechoka na anaidai haki yake.

Sheila alijiziba mdomo kwa leso. Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, hakumpa mgongo mpaka alipofika njiani. Jioni ile ile alifunga mizigo, akachukua watoto, akaenda kwao Sori, na mpaka leo hajarudi.

Japheth alimpeleka mdogo wake nyumbani, akamlaza. Alijiambia ni homa. Alijiambia mtu akinusurika kufa husema lolote. Lakini alilala akiwa ameegemea ukuta, mbali naye, panga magotini.

Alfajiri mlango uligongwa. Ulibishwa taratibu, chini, kama anayegonga amepiga magoti. Japheth alifumbua macho. Yule ndugu yake alikuwa tayari mlangoni, ameshikilia komeo kwa mikono yote miwili, na kichwa anakitikisa kumkataza.

"Nani?" Japheth alinong'ona.

Nje ilisikika pumzi tu, ya mtu mwenye maji kifuani. Mlango uligongwa mara moja tena, na kwa uoga Japheth akajifunika blanketi usoni mpaka jua lilipochomoza.

Mama yao alifika adhuhuri kutoka Nyamira, maana Japheth alikuwa amempigia simu usiku. Alikuta nyayo za miguu mitupu zimetoka ziwani mpaka kizingitini, zikarudi ziwani. Mama hafundishwi nyayo za mtoto wake. Juu ya ubao wa mlango kulikuwa na alama ya kiganja, ya damu na tope: dole gumba, cha shahada, cha kati. Vile viwili vingine havikuwepo.

Aliingia ndani. Alimwangalia yule aliyeketi kitandani akila, vidole vyake vyote kumi ndani ya sahani, wala hakumsalimia. Akatoka. Akaweka kiganja chake juu ya ile alama, akakaa hivyo mpaka Japheth akaogopa kumwita.

"Japheth," alisema hatimaye, polepole, bila kugeuka. "Mwanangu amekuja akabisha hodi. Kwa nini hukumfungulia?"

Mlango ule umepakwa rangi mara mbili tangu siku hiyo. Alama bado ipo, na ukiigusa asubuhi, ina majimaji.