Mwanamke Asiyegeuka

Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Alilibeba bango lake begani mchana kweupe, akalirudisha kwa aliyelichora, akalisimamisha mlangoni na kuuliza kwa upole kama kichwa kile kimemnunia. Maana aliagiza kijana mwenye panki safi, akapewa kisogo. Nywele, shingo, basi.

"Brashi," akasema, "mteja atajuaje kama humu tunanyoa au tunafukuza watu?"

Wapita njia wakacheka. Brashi naye akacheka. Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani chumba hicho hicho, hakucheka. Yeye alijua kwamba ng'ombe wa bango la bucha naye katoka juzi akiwa kawapa wanunuzi makalio, na kwamba Brashi akiulizwa, hakumbuki kuchora hivyo.

Lawama zote alimtwika Mwalimu. Huyu Mwalimu alifundisha uchoraji chuoni, mtu wa skafu na maneno marefu, aliyempitia Brashi siku moja akamwambia anaua kipaji chake kwa vichwa vya kunyolewa. Picha za kweli, alisema, ziko chini ya akili, huko ndoto zinakotengenezwa, na mlango wa huko hufunguliwa na uyoga mkavu uliolowekwa kikombeni. Akamwachia kifurushi na masharti. Anayekunywa asikae peke yake. Awepo mtu na saa, na muda ukitimia amwite mara tatu kwa jina alilokuwa akiitwa na mama yake utotoni. Brashi mama yake alimwita Kijiti, kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Kazi ya kumwita Kijiti ikawa ya mkewe.

Basi kila Jumamosi adhuhuri mlango unafungwa, Brashi anakunywa, macho yanamtoka, mkono unakwenda kama umeshikwa na mtu mwingine. Zikatoka picha za ajabu: ngazi yenye meno, samaki aliyevaa viatu vya shule, kitanda kinachoogelea kwenye chai. Mwalimu akazichukua akawauzia watu waliosimama mbele yake wakitikisa vichwa kama wanaelewa, na jikoni kukaanza kunukia nyama. Mkewe angeridhika, isingekuwa yule mwanamke.

Yumo kwenye kila picha. Gauni la kahawia, nywele ndefu, kawapa watu mgongo. Picha ya kwanza alikuwa mdogo kama punje, huko mbali nyuma ya ngazi. Ya pili kafika kwa samaki. Ya sita kasimama kando ya kitanda, mkono juu ya mto.

Mke gani atavumilia mto? Fundi cherehani huyu alizijua nguo za mtaa mzima: nani kapunguza kiuno, nani kaongeza, nani anadanganya kuwa gauni ni jipya. Akamtafuta mwenye gauni la kahawia sokoni, kliniki, hata msibani, akiwakagua wanawake kwa migongo yao. Majirani wakamsaidia kwa moyo mmoja, kama watu wanavyopenda kusaidia penye harufu ya hawara. Mmoja akamtaja muuza maua. Mwingine akamtaja wifi yake mwenyewe, ambaye walikuwa hawasemeshani. Hakupatikana mtu. Brashi naye alishikilia kwamba hamjui, eti akizinduka anakuwa kamsahau kabisa. Jibu la kiume hilo, mkewe akajisemea.

Jumamosi ya saba akaketi na saa yake, roho inamchemka. Brashi alichora huku akinong'ona, akitabasamu kwa upole ambao mkewe hakuwa ameuona tangu siku za uchumba. Muda ukatimia. Badala ya kumwita Kijiti, mkewe akainama sikioni kwake.

"Uko na nani?"

"Yupo," Brashi akasema.

"Mwambie kama anajiweza aje hapa. Mwenye nyumba ni mimi. Aje tuonane uso kwa uso."

Brashi akanong'ona pembeni, kama mtu anayefikisha ujumbe. Kisha akasema, "Anauliza kama kweli unamkaribisha."

"Namkaribisha."

Hapo ndipo aliposikia harufu ya nywele zilizolowa zikafungwa kilemba kabla hazijakauka, na nje jua lilikuwa linapasua mawe. Akamwita Kijiti mara tatu, haraka haraka. Brashi akazinduka, akanawa mikono, akalala. Mkewe akabaki na picha mbichi. Safari hii mwanamke alijaza turubai zima, karibu kiasi cha kuhesabika nyuzi, na fundi, kwa mazoea ya kazi, akaanza kuisoma mishono kwa kidole: hapa bega, hapa kwapa, hapa ile mikunjo miwili ya kupisha matiti. Kidole kikasimama. Mikunjo ya matiti haikai mgongoni, akajiambia, akaanza upya kutoka begani, polepole, akitumaini kwamba mumewe, asiyejua hata kutia kifungo, amekosea tu kuchora, lakini kila mshono ulikuwa mahali pake na vifungo vilishuka katikati kama vinavyotakiwa kushuka mbele ya gauni, na akaelewa, huku ile harufu ikimjia kutoka nyuma yake, kwamba mwanamke huyu hajampa mtu mgongo hata siku moja, kwamba tangu alipokuwa mdogo kama punje amekuwa akija huku anawatazama, na kwamba zile nywele ndizo uso wake.

Jumamosi iliyofuata Brashi alichora kitanda kitupu.

"Leo kimya sana huko," alisema alipozinduka, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kimya hakikuwa chumbani. Mteja akishaondoka, kiti chake kililia tena, kama kimekaliwa na mwingine. Fundi akikata kitambaa, alisikia pumzi ikipita kwenye nywele nyingi, taratibu, ikisubiri amalize.

Akaenda kwa Mwalimu. Mwalimu akafungua mlango nusu, akamtazama, kisha akatazama juu ya bega lake.

"Shemeji," akanong'ona, "umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Mwalimu akausukuma mlango ukabaki upenyo. Kupitia hapo alikiri kwamba mwanamke alikuwa wake kwanza, picha kumi na moja, mpaka ikabaki shubiri moja amfikie. Ndipo akatafuta mwenye kipaji wa kumwachia kifurushi. Hakuona ubaya mkubwa, kwa sababu ndani ya picha hatoki mpaka akaribishwe na mwenye nyumba. Nani angemkaribisha?

"Anarudije?" fundi akauliza.

"Mumeo anywe, amrudishe huko mwenyewe. Ila usimwite Kijiti tena. Ukimwita, watarudi wote wawili."

"Na mwanamke asiporudi huko?"

"Atakaa na aliyemkaribisha. Mumeo atapona." Mlango ukafungwa, komeo la juu, kisha la chini.

Alipofika nyumbani alimkuta Brashi ameketi, kikombe mkononi, na haikuwa Jumamosi.

"Namfuata kidogo tu," Brashi akasema kwa aibu. "Bila yeye hakuchoreki. Nimemkumbuka, mke wangu."

Hata katika hofu ile, neno hilo lilimchoma. Akampokonya kikombe, akakimwaga mferejini pamoja na kifurushi chote. Kisha akavuta kiti cha wateja karibu na cherehani yake, akasema chini chini, akiielekea harufu:

"Niliyekukaribisha ni mimi. Utakaa na mimi. Huyu muache."

Kiti kikalia.

Brashi akarudia mabango yake. Kinyozi akapata kijana mwenye uso, meno na tabasamu. Watu wakasema nyumba ile imetulia, mume kanenepa, ugomvi umekwisha. Ila fundi siku hizi hasuki, kaziachia nywele tu zinamshuka, na ukimpelekea nguo anaipokea bila kuinua kichwa.

Adhuhuri moja Brashi aliingia na makopo yake ya rangi, akasimama kizingitini.

"Mke wangu," akasema taratibu, "mbona unanitazama hivyo?"

Fundi alikuwa ameelekea ukutani, anatunga uzi.