Chakula cha Tangi Tupu

Jua lilikuwa linazama fundi saa alipofunga kibanda chake na kuvuka barabara kwenda kwa muuza samaki wa mapambo. Binti yake wa pekee, Kidoti, alikuwa amemwomba samaki wadogo wekundu akiwa kitandani na homa. "Ukipona tu, mama," baba alimwambia. Hakupona. Alikuwa na miaka saba. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu wamzike, na asubuhi ile mkewe ndiye aliyesema, "Tumnunulie hivyo hivyo."

"Leo chukua tangi tu," muuzaji alimwambia. "Maji mapya ni kama mchumba, hayaaminiki siku ya kwanza. Pampu izunguke usiku na mchana, na kila jioni tia chembe mbili tatu za chakula."

"Nimlishe nani, na samaki hawamo?"

"Humlishi yeyote. Chakula kioze. Uozo ndio unaozaa vijidudu vya kusafisha maji. Yatachafuka kama uji, yatanuka, kisha yatatakata yenyewe. Hapo njoo uchukue samaki."

Waliliweka tangi chumbani kwa mtoto, juu ya meza iliyokuwa ya dawa. Mkewe alileta bakuli la kokoto, akaziosha mpaka maji yakatoka meupe. Fundi akazitandaza kwa vidole vilivyozoea skrubu ndogo kama mbegu. Wakajaza maji, wakawasha pampu.

Jioni akatia chakula.

Kesho yake hakikuwepo.

Akatia tena. Kikaisha tena. Siku ya sita maji yalikuwa maangavu kama yamemiminwa sasa hivi. Fundi alifungua pampu, akakamua sifongo, safi. Akabana jichoni lenzi yake ya kazini, akainama kuchungulia kokoto moja moja. Hapakuwa na chembe.

Ndipo ikamjia harufu... dawa ya kuchua kifua. Chupa ile waliitupa siku ya maziko.

Tik. Tik. Tik.

Sauti za saa anazijua zote. Hii haikuwa saa. Ilikuwa ya ukucha kwenye kioo, na ilitoka upande wa maji. Kidoti, sauti ilipomkauka, aliwaita hivyo, akigonga glasi kwa ukucha.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo mumewe hakuiona tangu msiba.

"Anakula," alinong'ona.

"Nani?"

"Siku tisa za mwisho alifunga mdomo, Baba Kidoti. Kijiko nikikisogeza, anageuza uso. Sasa anakula. Usimtishe."

Fundi akazitazama kokoto. "Kokoto ulizitoa wapi?"

Mama akatazama chini.

"Juu yake," akasema.

Kulipokucha fundi alirudi kwa muuzaji, akaeleza habari ya chakula tu. "Ni konokono hao," muuzaji alisema. "Huja na mawe, wadogo kama ufuta." Fundi alitamani sana kuamini. Lakini jioni, walipokaa kula, mkewe aliinuka na sahani yake, akaenda chumbani, akaimimina yote tangini. Wali wote ule. Kabla fundi hajamaliza kukunja kitambaa cha meza, maji yalikuwa maangavu, matulivu.

Ikawa hivyo kila siku. Cha tangini kiliisha. Mama mwenyewe hakutia kitu mdomoni. Bangili zikaanza kumpwaya mpaka kwenye kiwiko. Akiombwa ale, anageuza uso.

Fundi akaona huyu naye anamponyoka. Siku mkewe alipokwenda kwa dada yake, alizichota kokoto zote, akazipeleka makaburini, akazimwaga zilikotoka.

"Lala, mama," alisema. "Niachie mama yako."

Siku ya tatu maji yalichafuka kama uji. Yakanuka. Yakawa vile vile muuzaji alivyosema.

Mkewe hakupiga kelele. Alikaa mbele ya kioo, mikono mapajani. "Umemtoa mezani hajashiba," alisema. "Kamrudishe."

Fundi alitembea haraka, mwanga ukififia. Alipofika alipiga magoti, akapapasa udongo wa kaburi kutoka kichwani hadi miguuni.

Kokoto hazikuwepo. Hata moja.

Mvua haikunyesha mwezi mzima, lakini pale alipozimwaga palikuwa na unyevu, na unyevu ule uliendelea kidogo kidogo, kama nyayo za mtoto, ukaenda mpaka njiani, ukapotelea kwenye vumbi.

Nyumbani mkewe alimshika mkono wa shati. "Yuko wapi?"

Fundi alikwenda mbele ya tangi. Alichukua chakula kwa ncha za vidole viwili, akakiachia juu ya maji.

"Kula, mama," alinong'ona. "Kula, mwanangu."

Wakangoja, bega kwa bega. Chembe zilizama polepole ndani ya ukungu, zikagusa kioo kitupu chini, zikabaki hapo.