Bango la Mkongojo

Mke wa fundi alikuwa akifagia karakana habari ilipofika. Shangazi wa mumewe alikuwa ameteleza na kuvunjika nyonga.

Fundi aliacha kuchomelea. "Shangazi? Si jana tu alipita hapa akitutania?"

Ni kweli. Kila asubuhi shangazi alipita hapo akijishikilia ukutani. Alipita karibu kabisa na mikongojo ya miguu minne ambayo fundi aliitengeneza ikakosa wanunuzi. Mke wa fundi ndiye aliyeandika bango la mikongojo hiyo: BOMBA LA CHUMA CHEPESI. MIPIRA MINNE. KIMO HUREKEBISHWA.

Shangazi aliporudi kutoka hospitali, walikwenda kumjulia hali. Daktari alikuwa ameshasema hatatembea tena.

"Shangazi, kwa nini hukutuambia unahitaji mkongojo?" mke wa fundi aliuliza.

"Mngeniambia nyinyi! Bango lenu nimelisoma mpaka nimelikariri. Bomba, mipira, sijui kimo. Mimi nilidhani mnauza vipuri."

Hakuna aliyecheka. Fundi aliinamisha kichwa.

"Nimeuza vitambaa sokoni tangu usichana wangu," shangazi aliendelea. "Sikumwambia mteja 'hii pamba tupu' nikanyamaza. Nilimwambia, 'Hii pamba tupu, inanyonya jasho, mwanao atalala vizuri kwenye joto.' Pamba ni sifa ya kitambaa. Usingizi wa mtoto ni faida ya mama. Nyinyi mmetaja sifa, faida mkabaki nayo moyoni."

"Basi niandike, 'Hutaanguka tena'?" mke wa fundi aliuliza.

"Usidanganye watu, mwanangu! Mkongojo hauzuii kila ajali. Andika unachoweza kukithibitisha. Kila sifa iulize: inamsaidia nini huyu anayesoma?"

Kesho yake mke wa fundi alilipaka bango rangi upya. Kisha aliandika:

UNAYUMBA UKITEMBEA? SHIKA MKONGOJO WA MIGUU MINNE. UNASIMAMA IMARA KULIKO FIMBO. MIPIRA YAKE HUSHIKA SAKAFU, HUPUNGUZA KUTELEZA. NI MWEPESI, MKONO HAUCHOKI HARAKA. TUTAUPIMA KWA KIMO CHAKO, USITEMBEE UMEINAMA. KARIBU UUJARIBU.

Siku hiyohiyo mzee mmoja alisimama, akasoma taratibu, akaingia. "Hili bango linanisema mimi," alisema. Aliujaribu mkongojo uani, fundi akaupunguza kimo kidogo, mzee akaondoka nao. Baada yake alikuja binti na mama yake. Haukupita muda, mikongojo yote ikaisha, fundi akaanza kutengeneza mingine.

Mke wa fundi alikwenda kumweleza shangazi. Alimkuta amelala chali, mto chini ya mguu.

"Shangazi, wananunua. Maneno yako yamefanya kazi."

"Hongera, mwanangu."

"Ningeyaandika mapema..."

"Ndiyo," shangazi alisema. "Ungeyaandika mapema."

Kisha akageuza uso ukutani. Mke wa fundi alikaa pale kitandani, akaanza kumkanda miguu.