Aliyejiita Kaka Yake Francine

"Francine, panda basi! Dereva ameshawasha gari!"

Francine alisikia, lakini miguu ilikataa. Alikuwa amesimama kwenye maegesho ya kanisa lao, Erdington, Birmingham, begi begani, macho yameganda kwenye simu. Meseji ilikuwa imeingia kutoka namba ya Ufaransa asiyoijua.

"Nasikia unakuja Versailles. Nywele fupi zimekupendeza. Karibu nyumbani, bibi yangu."

Nywele alikuwa amezikata wiki hiyo hiyo.

Mchumba wake, Léopold, akashuka kumfuata. Jamaa mrefu, mpole, anaendesha foklifti ghalani, na asubuhi hiyo alikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

"Chérie, kuna nini?"

"Tumbo linaniuma. Labda nibaki."

"Ubaki? Sasa hilo jumba la mfalme nitaliangalia na nani?"

Safari hii ya kiangazi cha 2008 ilikuwa ndoto ya Léopold. Alisoma Goma, na mwalimu wao wa historia alikuwa akiwachorea ubaoni jumba la wafalme wa Ufaransa, madirisha na bustani zake, mpaka chaki inaisha. Léopold aliapa ataliona kwa macho yake. Ndiye aliyelishawishi kanisa likodi basi: siku ya kwanza Versailles, kisha fukwe za Normandie, pale walipotua wanajeshi kwenye vita vya pili vya dunia. Mwezi uliofuata wangefunga ndoa.

"Nani amekuandikia?" Léopold akauliza.

"Kampuni ya simu. Matangazo tu."

Akapanda basi.

Njia nzima mpaka kwenye feri, Francine hakula wala hakulala. Aliyemwita "bibi yangu", yaani mke wangu, alikuwa mmoja tu duniani: Landry.

Landry alimtoa Bukavu akiwa msichana mbichi, akalipa mahari kwa mjomba wake, akampeleka Saint-Denis, kando ya Paris. Mwanzoni ilikuwa asali. Kisha akachukua simu yake. Kisha akaanza kumfungia mlango kwa nje kila akienda kazini. "Ni kwa usalama wako," alikuwa akisema. Baadaye ikaja ngumi. Siku Landry aliposahau kufunga, Francine alitoka na nguo alizovaa, akakimbilia Birmingham kwa shangazi yake, ambaye sasa ni marehemu. Léopold alijua tu kwamba mchumba wake "alipitia Ufaransa". Hilo lingine Francine alilifukia. Na sasa kuna mtu aliyemfukulia.

Ua wa Versailles ulijaa watu. Geti la dhahabu linawaka jua, watalii wanapiga picha, Léopold anazunguka kama kizunguzungu kimempata.

"Ona, chérie! Ni kama ubaoni! Hapana, mwalimu alikosea, ni kubwa zaidi!"

Mara Mama Marie-Claire, kiongozi wa kwaya, akaja nyuma ya Francine na kumziba macho kwa mikono.

"Tumekuletea zawadi, ma chère. Usichungulie!"

Mikono ilipoondoka, Francine aliona suti ya kijivu, maua mekundu, na tabasamu alilolijua kuliko sura yake mwenyewe.

"Dada yangu," Landry akasema, akamkumbatia.

Kina mama wakapiga vigelegele. Marie-Claire akaeleza kwa sauti ya mahubiri kwamba huyu ni kaka yake Francine, mtoto wa baba mkubwa, walipoteana kwa sababu ya vita, na Mungu amewakutanisha mbele ya jumba la mfalme.

Léopold alikuwa na machozi. Akampa Landry mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji! Juu ya nini hakuniambia ana kaka huku?"

"Dada yangu ni msiri sana," Landry akacheka. "Mtamzoea."

Francine alifungua mdomo. Kabla hajasema neno, kundi likaanza kuingia ndani.

Ndani ya jumba, kwenye ule ukumbi wa vioo, msongamano uliwasukuma pamoja. Landry akainama sikioni kwake kama kaka anayemweleza dada yake mambo ya kale.

"Unatetemeka. Vizuri. Sikiliza: nina picha za siku ya mahari. Ukinikana, nitazionyesha hapa hapa. Huyu kijana wako ajue anataka kuoa bibi ya mtu. Kanisa lenu litasemaje?"

"Unataka nini?"

"Ninataka urudi nyumbani. Tu."

"Nani amekupa namba yangu?"

"Watu wanaokupenda."

Walipotoka, Francine alijua atamwambia Léopold. Alikuwa ameshayapanga maneno. Lakini Léopold alimwahi, uso unang'aa.

"Nimemwambia shemeji aende na sisi mpaka baharini! Basi lina nafasi. Gurmit amekubali."

Gurmit, dereva wao wa Kihindi, mzaliwa wa Handsworth huko huko Birmingham, akapungia mkono kutoka kwenye usukani. Landry akaketi kiti cha nyuma ya Francine. Njia nzima alisikia pumzi yake shingoni.

Hotelini karibu na Caen, Francine alilala chumba kimoja na Marie-Claire. Aliegemeza kiti kwenye mlango.

"Unafanya nini?" Marie-Claire akashangaa.

"Mama, ulimpataje huyu mtu?"

"Alipiga simu kanisani, anakutafuta. Alilia, Francine! Mwanaume mzima. Lala, mwanangu. Kesho zungumzeni."

Asubuhi ufuko wa Arromanches ulikuwa mpana mno. Maji yamejivuta mbali, na yale mabonge ya zege yaliyoachwa na jeshi yamekaa mchangani kama ng'ombe waliolala. Léopold alikuwa akiwasomea wenzake kibao cha historia kwa sauti.

Landry akamgusa bega.

"Shemeji, nimuazime dada yangu kidogo? Tuna habari za nyumbani, za waliokufa."

"Nendeni, nendeni," Léopold akajibu. "Sisi tuko hapa."

Francine alimtazama Léopold machoni, akimwomba kwa macho awazuie. Léopold akampiga picha.

Wakatembea. Sauti za wenzake zikazidi kuliwa na upepo. Walipovuka bonge la kwanza la zege, mkono wa Landry ukamkamata juu ya kiwiko, pale pale alipozoea kumkamata zamani.

"Rafiki yangu ana gari pale juu barabarani. Begi liache. Tutanunua lingine."

"Landry, siendi."

"Usinipandishe hasira mbele ya wazungu. Tembea."

Akatembea. Ndiyo, alitembea, kwa sababu woga ulikuwa umeshika miguu kabla ya akili. Aliiona ngazi ya kupandia barabarani. Aliliona gari jeusi, mlango wa nyuma uko wazi. Kupiga kelele hakuweza, sauti ilikuwa imekwenda.

Basi akafanya kitu kimoja tu kilichobaki. Akakaa chini.

Alikaa kwenye mchanga uliolowa, na sketi yake ya safari, miguu mbele kama mtoto.

"Inuka."

Francine akatikisa kichwa.

"Inuka, minakuambia. Watu wanaangalia."

"Waangalie," ikatoka. Sauti ndogo, ya kukwaruza, lakini yake.

Landry akamvuta. Francine akajifanya mzito, akalala kabisa, mikono imechimba mchanga. Juu kwenye ngazi, Gurmit alikuwa anakunywa chai yake ya chupa. Akaiweka chini.

"You all right, bab?" akapaza sauti kwa Kiingereza cha Birmingham, kama mtu anayemwuliza binti yake. "Is he bothering you?"

"Yes!" Francine akalia. "Yes! Help me!"

Kumbe sauti ilikuwepo. Ilienda mpaka kwa kina mama, mpaka kwa Léopold, na wote wakaja mbio, viatu mikononi.

"Shemeji, kuna nini? Ameanguka?" Léopold alikuwa anahema.

"Ni mambo ya familia," Landry akasema, tabasamu limerudi. "Dada amepandwa na huzuni."

"Huyu si kaka yangu!" Francine akasema kutoka pale chini. "Nilikuwa bibi yake. Alinifungia ndani Paris kama mbuzi. Mkono huu aliuvunja yeye, na kwa daktari nikasema nilianguka kwenye ngazi. Gari lake liko pale. Alikuwa ananichukua, Léopold. Na wewe ulimwambia nendeni!"

Landry akageukia kanisa zima.

"Nililipa mahari! Mbele ya Mungu ni bibi yangu bado! Nyinyi ni Wakristo ao ni nini?"

Gurmit hakuelewa hata neno moja la hayo. Alikuwa ameshaweka simu sikioni na anataja neno "police" kwa nguvu. Landry alilisikia. Akakung'uta suti yake, akapanda ngazi bila kukimbia, gari likaondoka. Léopold alitaka kumfukuza. Francine akamshika mguu wa suruali.

"Usiniache hapa."

Polisi walikuja, wakaandika, wakasema watamtafuta. Marie-Claire alikuwa analia, kilemba kimemwanguka.

"Aliniambia ameokoka! Alitaka kuomba msamaha tu kabla ya harusi yako!"

Francine akamtazama muda mrefu.

"Kwa hiyo ulijua si kaka yangu."

Marie-Claire akainama kuokota kilemba chake.

"Mama Marie-Claire. Ulijua?"

"Nilijua," akanong'ona. "Nilimtumia namba yako na picha. Nikasema mkionana mtapatana, uingie kwenye ndoa na moyo mweupe. Yeye ndiye alisema tuseme kaka, watu wasishtuke. Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Kurudi, basi lilikuwa kimya kama gari la msiba. Walipokaribia Oxford, Léopold akanyoosha mkono.

"Lete simu yako."

Francine akampa bila kufikiri. Léopold akaizima, akaitia mfukoni.

"Utahamia kwa dada yangu. Kazini nitakupeleka na kukurudisha. Popote usiende peke yako. Ni kwa usalama wako."

Francine alimwangalia mtu huyu aliyempenda miaka miwili, na kwa mara ya kwanza akamwogopa.

"Léopold, rudisha simu yangu."

"Si wakati wa ubishi."

"Irudishe."

Akairudisha, lakini uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira na aibu.

"Miaka miwili ulinificha! Nilimpa mkono! Nikamkaribisha ndani ya basi! Unajua ninavyojisikia?"

"Na wewe unajua hayo maneno uliyosema sasa hivi niliyasikia wapi?"

Hawakuongea tena mpaka Birmingham.

Francine alijifungia kwenye fleti yake ya Ladywood, ghorofa ya juu. Safari hii ufunguo ulikuwa upande wake. Alikwenda polisi peke yake, akaonyesha meseji, akabadilisha namba. Kila lifti ilipofunguka kwenye korido alishika kisu cha jikoni. Simu za Léopold zilizomfikia kazini hakuzipokea. Marie-Claire alikuja na chakula akakiacha mlangoni, kikapoa hapo hapo.

Jumamosi moja mchana, kengele ya chini ikalia. Akaruka.

"Nani?"

"Ni mimi." Sauti ya Léopold ilikuja kwa mikwaruzo ya spika. "Usinifungulie. Sikuja kupanda."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusema. Nilipokuona pale chini kwenye mchanga niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata tulipokimbia Goma. Na woga wangu nikautupia kwako. Nikafanya kama yeye."

Francine akaegemea ukuta.

"Mimi pia nilikosea. Ningekuambia tangu zamani. Niliona aibu."

"Aibu si yako."

Mtu mwingine akapita kule chini, mlango ukabamizwa, Francine akashtuka tena.

"Léopold, ninataka harusi isogezwe."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Spika ikakwaruza.

"Sawa," Léopold akasema.

"Hukasiriki?"

"Ninakasirika. Ninaumia. Lakini sawa."

Francine akavaa viatu. Akashuka kwa ngazi. Alimkuta amesimama mbali na mlango, mikono mifukoni, hakuja kumkumbatia mpaka alipomsogelea mwenyewe. Wakatembea kando ya mfereji hadi mjini, na huko njiani akamsimulia yote, kuanzia Bukavu. Léopold alilia kabla yake.

Waliingia kanisani mwezi wa Aprili mwaka uliofuata. Landry hakuwa ameonekana tena. Wengine walisema yuko Ubelgiji, wengine walisema amefungwa, hakuna aliyejua kwa hakika. Marie-Claire aliketi safu ya mwisho. Francine alimruhusu aje, hakumruhusu kuimba.

Mchungaji akafika pale panapotisha.

"Kama kuna mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa."

Francine alikuwa anahesabu pumzi tu, ipite, ipite. Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo. Vichwa vyote vikageuka. Francine akapiga hatua nyuma, Léopold akamdaka kiuno.

Alikuwa ni mama mmoja wa Selly Oak, sufuria la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kichwani, jasho linamtoka.

"Mnisamehe, treni zimechelewa!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Francine peke yake hakuweza kucheka.

Léopold akamwinamia.

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Tuendelee ao tungoje kwanza? Useme wewe. Hata tukirudi nyumbani leo, sawa."

Francine akatazama mlango ambao sasa mtu alikuwa anaufunga taratibu. Kisha akamtazama mwanaume huyu aliyekuwa anangoja jibu mbele ya kanisa zima, bila kumvuta mkono.

"Tuendelee," akasema.